Hakuna Mtu Kaswanga

Léonie Masengo alikuwa amefundisha jiografia kwa miaka kumi na saba katika shule moja ya sekondari mjini Kamina, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuwadanganya wanafunzi wake kuhusu mto wala mlima. Akiwa hajui, alisema hajui. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa treni, na alipenda kuwaambia watoto wake kwamba mtu anayesema reli ni nzima bila kuipitia ni muuaji ambaye bado hajaua.

Ndiyo maana Bwana Jean-Baptiste alimchagua. Huyu alikuwa msimamizi wa mradi mmoja uliotaka kutoa kitabu kuhusu wilaya: vilima na mito yake, udongo wake, mazao, masoko, kazi za watu, na zaidi ya yote mahali pazuri ambapo watalii wangeweza kupelekwa. Léonie alipewa mahali saba. Kila mahali palikuwa na karatasi yake yenye visanduku vya kujaza: umbali kutoka kituo cha reli, hali ya njia, watu wanaoishi, shughuli za uchumi.

Mahali sita alipafikia kwa miguu yake mwenyewe. Alilala kwenye nyumba za wakulima wa mahindi, akavuka mito kwa mitumbwi iliyovuja, akahesabu magunia ya makaa yaliyopangwa kandokando ya reli yakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itapita lini. Kuhusu mwamba mmoja mkubwa, mweusi, wenye michoro ya kale, aliandika kwamba wanawake wa hapo huanika mihogo yao juu yake kuanzia Mei. Jean-Baptiste aliposoma hayo alikunja uso.

"Madame Léonie, mutalii anataka jiwe. Hataki mihogo."

"Lakini mihogo iko pale."

"Najua iko pale. Lakini picha ya kava haitakuwa na mihogo."

Mahali pa saba palikuwa maporomoko ya Kaswanga. Léonie aliondoka mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepamba moto. Alipanda treni ya kuelekea Luena, akashuka kwenye kituo kidogo chenye paa lililong'oka, kisha akabebwa na pikipiki hadi kijiji cha Mulenda. Alifika amelowa mpaka mifupani. Mama mmoja aliyeitwa Talitha, mjane wa miaka sitini hivi, alimwona amesimama chini ya mchirizi wa nyumba ya shefu, mkuu wa kijiji, akamshika mkono bila kumuuliza jina.

"Kuya mu nyumba, mutoto yangu. Utakufa na baridi."

Talitha alimpa kitenge kikavu, akamwekea bukari, yaani ugali, ya moto na uyoga wa msitu. Uyoga ule ulikuwa mtamu kiasi kwamba Léonie aliuliza umetiwa nini. Talitha akacheka, akanyanyuka, akashusha kutoka juu ya moshi wa meko kifurushi cha majani chenye umbo la pembe. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya kijivu, iliyoshikana kama jiwe.

"Hii inatoka ku Kaswanga. Shiye banamuke ya Mulenda njo tunaifanyaka. Mvua ikiisha, maji inatoka mu mbuga, chumvi inabakia juu ya udongo. Tunakwangua, tunachuja, tunapika. Na hii njo tunapata samaki, njo tunapata unga, njo batoto banasoma." Akamwekea kifurushi kile mapajani. "Beba. Kesho nitakupeleka. Ni masaa tatu ya miguu. Sasa mbuga imejaa maji, lakini utaona fasi, na minyi nitakuonyesha kila mwanamuke anafanyiaka wapi."

Asubuhi ilinyesha. Ilinyesha hadi saa sita. Ilipopungua, Talitha alikuwa tayari mlangoni, fimbo mkononi, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara. Lakini kisigino cha Léonie kilikuwa kimechubuka, viatu vyake havijakauka, na mtu wa pikipiki alikuwa amemwambia kwamba treni ya kurudi Kamina ingepita kesho yake. Akiikosa, huenda angekaa wiki mbili. Alitazama njia. Ilikuwa tope tupu. Nyuma ya kijiji palikuwa na kilima. Alikipanda, na kutoka kileleni akaona mbali, katikati ya miti, maji ya Kaswanga yakianguka meupe, na chini yake uwanda mpana uliong'aa kama sahani. Alipiga picha tano kwa simu yake. Alipotelemka alisema:

"Inatosha, mama. Nimepaona."

Talitha alimtazama, kisha akaiegemeza fimbo ukutani. "Umeona moshi ya jikoni," alisema kwa upole. "Chakula haujaonja. Lakini haizuru, utarudia kiangazi."

Hakurudi kiangazi.

Alipokaa Kamina kuijaza karatasi ya saba, Léonie alianza kuandika juu ya chumvi. Lakini kisanduku kilidai idadi ya watu wanaofanya kazi hiyo, miezi, kiasi kinachotoka, njia ya soko. Yeye hakuwa na lolote kati ya hayo, na kila neno ambalo angeandika lingemuuliza: ulifika? Aliiacha karatasi mezani siku nne. Siku ya tano Jean-Baptiste aliziona zile picha. Alisimama nazo dirishani, akazitazama moja moja.

"Hii njo kava," alisema. "Madame, hii njo kava ya kitabu! Kuko bantu kule?"

Léonie alitazama ile karatasi ya saba.

"Sababu kama kuko bantu, na bijumba, na moshi, nitatwaa ile ya jiwe. Bantu ba tourisme banatafuta fasi mupya, fasi haijaguswa."

"Mwezi ule niliokwenda," Léonie alisema, na akajisikia akisema, "hapakuwa na mtu."

Maneno hayo hayakuwa uongo kamili, na hilo ndilo lililomsaidia kuyatamka. Jioni ile ile, kwenye kisanduku cha watu wanaoishi, aliandika: *Hakuna*. Kwenye kisanduku cha shughuli za uchumi aliandika: *Hakuna*. Herufi zilikuwa nzuri, za mwalimu.

Kitabu kilitoka. Maji ya Kaswanga yalikuwa kwenye jalada, na chini yake, kwa maandishi madogo, jina la Léonie Masengo. Walimu wenzake walimpongeza. Mume wake Mwamba, fundi kwenye karakana ya reli, alikiweka kitabu sebuleni, juu ya kabati, mahali ambapo kila mgeni angekiona. Ile chumvi Léonie alijaribu kuipikia mara moja. Tonge la kwanza alilirudisha sahanini. Kesho yake akampa jirani kifurushi chote, akisema daktari amemkataza chumvi nyingi.

Ukapita mwaka, na mwingine. Katika kiangazi cha tatu, siku ya Jumamosi, alikuwa anafua nguo uani aliposikia mtu akibisha. Alikuwa Talitha. Alikuwa amekonda, vumbi la safari limemjaa hadi kwenye nyusi, lakini alipomwona Léonie uso wake ulifunguka wote.

"Mutoto yangu! Nimeuliza mu mji muzima: mwalimu wa mito anakaa wapi? Banamuke balisema, Talitha, weye uko na muntu Kamina, muntu ya masomo, enda kwake."

Léonie alimkaribisha kiti, akamletea maji. Alipotaka kwenda kuwasha moto, Talitha alimzuia.

"Mbele ya kula, unisomee." Akatoa kifuani karatasi iliyokunjwa mara nyingi. "Balikuya bantu ya kampuni. Balijenga nyumba ndogondogo ku Kaswanga, beko nafanya fasi ya batalii. Balizungusha waya. Tulipokwenda na makapu yetu, balinzi balitufukuza. Tulilalamika, njo balitupa hii. Iko mu Kifaransa. Shefu alisoma, lakini hakutueleza muzuri."

Barua haikuwa ndefu. Léonie aliisoma kwanza kimya, na alipofika aya ya pili maneno yalimrukia machoni. Kampuni ilieleza kwa heshima kwamba ilikodishwa eneo hilo kihalali, na kwamba, kwa mujibu wa kitabu rasmi cha wilaya, ukurasa wa thelathini na moja, Kaswanga hapakuwa na wakazi wala shughuli yoyote ya uchumi.

"Banasema nini?" Talitha aliuliza.

Léonie alisoma kwa sauti, akitafsiri sentensi baada ya sentensi. Alisoma kuhusu mkataba. Alisoma kuhusu ramani. Alisoma kwamba kutakuwa na kikao Kamina ambapo kila upande utasikilizwa. Aya ya pili aliiruka.

"Ni ile tu?"

"Ni hiyo tu, mama."

"Lakini nani alibaambia ile fasi ni ya bure?"

"Haikuandikwa," alisema Léonie.

Talitha aliikunja karatasi polepole, akairudisha kifuani. Alimshukuru kwa Kiluba, "Wafwako, wafwako," akakataa chakula kwa kuwa alitaka kuliwahi lori la Mulenda. Alichukua namba ya simu ya Léonie, akaacha kwenye meza viazi vitamu vitatu alivyokuja navyo. Léonie aliingia chumbani, akakaa kitandani, mikono yake ingali na povu la sabuni. Mwamba alipomkuta hapo na kumuuliza ana nini, alijibu kwamba ni kichwa.

Wiki nne baadaye simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Talitha, lakini haikuwa na furaha. "Madame, tuko Kamina, ku hospitali. Ni Nathalie, muke ya mutoto wangu."

Nathalie alikuwa na miaka ishirini na sita. Waya wa kampuni haukufika juu ya maporomoko, kwa sababu pale ni mwamba mtupu na hakuna aliyefikiri mtu angepita. Nathalie alikuwa amepita. Alitelemka na kapu mgongoni ili akwangue chumvi alfajiri kabla walinzi hawajaamka, na wakati wa kupanda, kapu likiwa limejaa, mguu uliteleza kwenye mwamba uliolowa ukungu wa maji. Walinzi wenyewe ndio waliomsikia akilia na kumtoa. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mara mbili.

Léonie alimkuta amelala, uso ameugeuzia ukuta. Hakuthubutu kumwamsha. Talitha alikuwa nje, uani, ambako jamaa za wagonjwa hupika. Alikuwa anachochea uji kwenye sufuria ndogo. Léonie alichuchumaa kando yake. Alikuwa amepanga namna ya kuanza; njiani alikuwa amepanga sentensi tatu nzuri. Zote zilipotea.

"Mama, ile barua sikukusomea yote."

Talitha aliendelea kukoroga.

"Waliandika kwamba kitabu cha wilaya kinasema Kaswanga hakuna mtu wala kazi. Kitabu hicho niliandika mimi."

Mwiko ulisimama. "Weye?"

"Mimi, mama."

"Weye njo uliandika hakuna muntu?"

"Ndiyo."

"Ile siku minyi nilishika fimbo," alisema Talitha, kana kwamba anajikumbusha mwenyewe. "Nilikungoya ku mulango. Nilikuambia tunakwangua, tunachuja, tunapika. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na ulikula."

"Nilikula, mama."

Uji ulianza kuungua. Hakuna hata mmoja wao aliyeuepua. Mwanamke mwingine, asiyewajua, alikuja akaishusha sufuria, akaenda zake. Léonie alianza kulia, na hapo Talitha akamgeukia, macho makavu kabisa.

"Usinililie. Machozi yako haiko dawa ya mguu ya Nathalie. Kikao iko siku ya tano. Utakuya, utasimama mbele ya bantu bote, na utasema vile umenisemea. Sitaki uniombe musamaha. Nataka useme."

Kabla ya Ijumaa, siku hiyo ya tano, Jean-Baptiste, aliyekuwa amesikia habari za kikao, alikuja nyumbani. Hakuja kwa ukali; alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi, akionekana mzee kuliko umri wake. "Madame, tuseme ni kosa ya imprimerie, ya mashine ya kuchapa," alisema. "Mustari ulianguka. Inatokeaka. Kitabu kitarekebishwa, banamuke batapata haki yao, na weye utabakia na jina yako. Nani ataumia?"

Léonie alimwambia atafikiri. Na kweli alifikiri, siku mbili. Hilo ndilo lililomwogopesha baadaye alipokumbuka: kwamba hata baada ya kuuona ule mguu, hata baada ya ule uji, alipima maneno yale na kuyaona yanafaa. Alimwambia Mwamba. Mume wake akaenda kukishusha kitabu kutoka juu ya kabati. Alikipangusa vumbi kwa kiganja. Kisha akakiacha mezani, hakukirudisha.

Ukumbi wa kikao ulijaa. Wanawake wa Mulenda, kumi na tisa kwa hesabu ya macho ya Léonie, walikaa sakafuni upande wa kushoto ingawa viti vilikuwepo. Mwakilishi wa kampuni, kijana mwenye adabu aliyeitwa Abdias, alieleza kazi yao kwa sauti ya chini. Léonie alipoitwa, alisimama.

"Mimi ndiye niliyeandika ukurasa wa thelathini na moja," alisema. "Sikufika Kaswanga. Niliiona kutoka kilimani. Niliambiwa kuhusu chumvi na kuhusu wanawake hawa, nikapewa hiyo chumvi, nikala. Kisha nikaandika hakuna. Mvua haikuandika. Mashine ya kuchapa haikuandika. Niliandika kwa sababu nilikuwa nimechoka, na baadaye kwa sababu nilitaka picha yangu iwe kwenye jalada."

Mtu alicheka nyuma. Mwanamke mmoja wa Mulenda alitema mate pembeni. Aliyeinuka kuzungumza alikuwa Abdias, na Léonie alijiandaa kwa matusi.

"Madame," alisema, "minyi nilisoma kitabu yako na nilikiamini. Baba yangu aliuza shamba ili aingie mu hii kazi. Kama ungeandika kuko bantu, tungetafuta fasi ingine. Minyi sikutaka kufukuza muntu. Mulinzi alipomubeba ule dada na damu, ni minyi nilikuwa nashika mukono yake."

Hayo yalimchoma kuliko mate. Alikuwa amezoea kuwaza kosa lake lina upande mmoja wa walioumia, na sasa akaona upande wa pili umekaa mbele yake, umevaa shati lililopigwa pasi vizuri.

Tume ilitumwa baada ya miezi miwili. Safari hii watu walifika, wakapima kwa kamba. Waya uliondolewa upande wa mashariki wa mbuga, na wanawake wakapewa haki ya kufanya kazi hapo kila kiangazi. Lakini sehemu iliyokuwa na chumvi nene zaidi ilikuwa tayari imejazwa changarawe ili magari yapate pa kuegeshwa. Wanawake wazee walijaribu kuikwangua wakakuta mchanga na mafuta. Hapo hapatatoa chumvi tena. Mradi ulikiondoa kitabu madukani, na Jean-Baptiste hakumpigia simu tena. Shule ilimwacha Léonie aendelee na kazi. Siku moja alipokuwa anachora Lualaba ubaoni, msichana wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono na kuuliza bila dhihaka yoyote:

"Madame, ule muto, ulifika?"

"Huo nilifika," alijibu. Akaurudia mstari wa mto kwa chaki.

Mwezi wa saba uliofuata alikwenda Mulenda. Hakumpigia mtu simu. Talitha alimkuta barabarani na akamsalimu, "Bonjour, madame," kama anavyosalimiwa mgeni wa serikali. Kisha akatangulia, na Léonie akamfuata nyuma. Haikuchukua saa tatu. Ilichukua mbili na kidogo.

Mbuga ilikuwa nyeupe, imepasukapasuka, na juu yake wanawake walikuwa wameinama wakikwangua udongo kwa vipande vya bati. Kwenye vijiti yalining'inia makapu yaliyosukwa kwa majani, membamba chini, yakidondosha maji ya chumvi tone baada ya tone kwenye vyungu. Moshi ulikuwa mwingi. Léonie alibeba maji kutoka mtoni tangu asubuhi hadi mchana, mpaka mabega yakawaka, na hakuna aliyemwambia aache wala aliyemshukuru.

Wakati wa kupumzika alitoa daftari. Alieleza kwamba wilaya inataka orodha mpya, ya kweli, yenye jina la kila mwanamke na mahali anapofanyia kazi, ili asije mtu mwingine akasema hakuna. Walimtazama Talitha. Talitha alifikiri, kisha akasema jina lake kamili, taratibu, na kuonyesha kwa kidole mahali pake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na Léonie aliandika akiwasomea kila alichoandika kabla ya kugeuza ukurasa.

Nathalie alikuwa amekaa kwenye gogo kando ya moto, mguu wa kulia ameunyoosha mbele. Hakuweza tena kuinama kukwangua; sasa kazi yake ilikuwa kuangalia vyungu visikauke. Léonie alipomfikia, alipiga goti ili wawe sawa.

"Dada Nathalie, naweza kuandika jina lako?"

Nathalie aliondoa povu kwenye chungu kwa kibuyu, akalimwaga pembeni, akafanya hivyo tena na tena. Ilikuwa kana kwamba hajasikia.

"Minyi usiniandike," alisema mwishoni. "Bale bengine, ubaandike. Minyi, apana."

Léonie aliifunga kalamu. Akainuka, akachukua ndoo, akarudi mtoni.